Ninunue nyumba sasa katika mji nisioujua vizuri, au niendelee kupanga?

"Familia yetu ilihamia mji huu miezi minane iliyopita baada ya mimi kupata kazi mpya. Mkataba wangu ni wa miaka miwili na unaweza kuongezwa. Mwenzangu bado anatafuta kazi, na mtoto wetu wa kwanza anaanza shule mwakani. Tumepanga karibu na katikati ya mji, na kila mwisho wa mwezi ninapolipa kodi naona kama ninamjengea mtu mwingine. Kule tulikotoka nyumba ni ghali sana, kwa hiyo bei za hapa tunaziona nafuu, lakini wafanyakazi wenzangu wanasema zinapanda kila mwaka na tukichelewa hatutazifikia tena. Benki imekwisha kutukubalia mkopo wa miaka 20 wenye riba inayobadilika. Dalali ametuonyesha nyumba mpya pembezoni mwa mji, kubwa kuliko tulivyotarajia, na anasema wapo watu wengine wawili wanaoitaka. Katika mji wa zamani tuliacha nyumba ndogo ambayo tunaweza kuiuza ili tupate malipo ya awali. Je, tununue sasa au tusubiri? Na tutajuaje kwamba eneo ni zuri?"

Ndugu msomaji, asante kwa kueleza hali yako kwa kina, maana katika jambo hili jibu hutegemea mambo kama muda wa mkataba na aina ya riba kuliko lile swali kubwa la kama kununua ni bora kuliko kupanga. Nikikuelewa vizuri, una hofu mbili zinazovutana. Unaogopa kwamba fedha ya kodi inapotea bure huku bei zikikukimbia, na wakati huohuo unaogopa kujifunga kwa miaka 20 katika mtaa ambao bado hujaujua. Hofu ya kwanza ndiyo inayopigiwa kelele na kila mtu, lakini ya pili ndiyo nzito zaidi. Niseme mapema maoni yangu: kwa hali uliyoieleza, nisingeinunua nyumba ile sasa. Yapo mambo mawili ambayo yakitimia nitakushauri kinyume chake, na hata hayo hayahusu kungoja bei ishuke.

Tuanze na kodi, kwa sababu ndiyo inayokukera kila mwisho wa mwezi. Wazo kwamba kodi ni fedha iliyotupwa lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba kodi hairudi, lakini mwenye nyumba aliyekopa naye ana fedha yake isiyorudi, ila haioni kwa urahisi kwa sababu haiitwi kodi ya pango. Riba ya benki hairudi. Fedha ya ukarabati, bima na kodi ya majengo hairudi. Hata malipo ya awali yaliyofungwa ndani ya ukuta yana gharama yake, kwa kuwa yangekuwa katika akiba salama yangezaa kitu. Ulinganisho wa haki ni kati ya fedha isiyorudi ya mpangaji na fedha isiyorudi ya mwenye nyumba. Watu wengi hulinganisha kodi na marejesho ya mkopo, na hapo ndipo hesabu inapopotoka tangu mwanzo.

Tuchukue mfano wa tarakimu, uwe wa fedha yoyote ile. Nyumba inauzwa kwa 125,000. Unatoa malipo ya awali ya 25,000 na kukopa 100,000 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Marejesho yatakuwa takriban 1,101 kila mwezi. Katika mwezi wa kwanza, 1,000 kati ya hizo ni riba, na 101 tu ndizo zinazopunguza deni. Hakuna hila hapo, kwa sababu riba hutozwa juu ya deni lililobaki, na mwanzoni deni lililobaki ni karibu lote. Baada ya miaka mitatu utakuwa umeilipa benki karibu 39,640, lakini deni litakuwa limeshuka hadi takriban 95,650 pekee. Nusu ya deni huisha mnamo mwaka wa 15. Kwa hiyo katika miaka ya mwanzo unayemjengea ni benki zaidi kuliko wewe mwenyewe, na ukiondoka mapema unaondoka kabla ya sehemu ya mkopo inayokufaidi haijafika.

Sasa tujumlishe fedha isiyorudi ya mwaka wa kwanza katika mfano huohuo. Riba ni takriban 11,930. Ukarabati, kwa makadirio ya asilimia 1 ya thamani ya nyumba, ni 1,250. Bima na kodi ya majengo tuseme 1,000. Malipo ya awali yangewekwa mahali penye faida ya asilimia 6 yangeleta 1,500. Jumla ni 15,680, yaani karibu 1,307 kwa mwezi. Ikiwa nyumba ya aina hiyo inapangishwa kwa 700 kwa mwezi, mpangaji anapoteza 8,400 kwa mwaka, na mwenye nyumba anapoteza 7,280 zaidi yake. Ili mnunuzi afidiwe tofauti hiyo, lazima thamani ya nyumba ipande kwa karibu asilimia 5.8 kila mwaka. Mahali penye mfumuko mkubwa wa bei hilo linawezekana kabisa, na pengine ndilo wanaloliona wenzako kazini, lakini hapo ni vyema kutambua kwamba unachotegemea ni kupanda kwa bei, jambo lililo tofauti na kuokoa kodi.

Badilisha viwango vya riba tu: riba ya mkopo iwe asilimia 6, na faida ya akiba iwe asilimia 3 kama inavyotarajiwa riba zikiwa ndogo. Fedha isiyorudi inashuka hadi takriban 8,930 kwa mwaka, na bei ikipanda hata kwa nusu asilimia tu mnunuzi anakuwa ametangulia. Nyumba ni ileile na kodi ni ileile, lakini jibu limegeuka. Ndiyo maana sikupi ile kanuni maarufu ya kugawanya bei ya nyumba kwa kodi ya mwaka mzima na kununua ikiwa jibu ni chini ya 15. Katika mfano wangu jibu ni karibu 15 mara zote mbili, na bado uamuzi unatofautiana kabisa. Kanuni hiyo huzungushwa sana na watu wa mahali penye riba ndogo, na hailingani na mkopo wa kila mtu. Keti na mwenzako, chukueni kodi ya nyumba inayofanana kweli na ile mnayoitaka, si kodi ya nyumba mnayoishi sasa, kisha mfanye hesabu hii kwa tarakimu zenu. Kazi yenyewe ni ya jioni moja.

Kuna gharama nyingine ambayo huwaumiza hasa watu waliohama, nayo ni gharama ya kuingia na kutoka. Kununua kuna ushuru wa uhamisho, ada ya wakili, ada za benki na uthamini, na kuuza kuna ada ya dalali na pengine kodi juu ya faida. Viwango hutofautiana, lakini tuseme kuingia kunakugharimu asilimia 6 ya bei na kutoka asilimia 4. Kwa nyumba ya 125,000, utakuwa umetoa 132,500 siku ya kwanza, na ili urudishe kiasi hicho baada ya gharama za kuuza, lazima uiuze kwa 138,000. Yaani bei ipande kwa zaidi ya asilimia 10 ndipo urudi pale ulipoanzia, kabla hatujagusa riba. Gharama hii ni ileile ukikaa miaka miwili au 20. Kinachobadilika ni idadi ya miaka inayoigawana, na hicho ndicho chanzo cha ushauri unaosikika mara kwa mara kwamba usinunue kama hutakaa angalau miaka mitano. Mitano yenyewe haina msingi maalumu: riba ikiwa kubwa na bei zikiwa zimetulia inaweza kuwa minane, na riba ikiwa ndogo mahali penye kodi kubwa ya pango inaweza kuwa mitatu.

Mkataba wako ni wa miaka miwili, na umeshatumia miezi minane. Ingawa unaweza kuongezwa, mwajiri hajaahidi. Ukinunua sasa na mkataba usiongezwe, unaweza kujikuta unauza ndani ya miaka mitatu, wakati deni halijapungua na gharama za kuingia hazijagawanyika, tena ukiuza kwa haraka, jambo ambalo wanunuzi hulinusa mapema. Katika mfano wetu, bei ikibaki palepale, mnunuzi huyo aliyetoa 32,500 mwanzoni atarudi na takriban 24,350 mkononi, na kwa miaka hiyo mitatu atakuwa ameilipa benki 39,640 wakati mpangaji mwenzake amelipa kodi ya 25,200.

Sasa kuhusu hofu ya bei kukukimbia. Si hofu ya kijinga. Bei za nyumba huwa na mwendo: zikianza kupanda huelekea kuendelea kupanda kwa muda, na wachumi Karl Case na Robert Shiller walilionyesha hilo kwa miji ya Marekani mwaka 1989. Tatizo ni kwamba mwendo huohuo hufanya kazi pia wakati wa kushuka. Nchini Japani bei za ardhi zilianza kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ziliendelea kushuka kwa zaidi ya muongo mmoja. Nchini Marekani ziliporomoka kuanzia mwaka 2006 hivi hadi mwaka 2012. Katika nchi zote mbili, miaka michache kabla ya kuporomoka, walikuwapo watu kama wafanyakazi wenzako wakisema kwamba anayechelewa hatazifikia tena. Simaanishi kwamba mji wako utaporomoka. Ninachosema ni kwamba wewe, mimi na dalali wako hatuna uwezo wa kujua, na uamuzi unaosimama juu ya utabiri wa bei pekee umesimama mahali pabaya, uwe wa kununua haraka au wa kungoja bei ishuke. Wapo watu waliongoja bei ishuke kwa miaka kumi, na hao nao walilipia kungoja kwao.

Kuhusu wale watu wengine wawili wanaoitaka nyumba, huenda wapo na huenda hawapo. Dalali hulipwa nyumba ikiuzwa, na wewe ukisubiri hapati kitu. Hilo halimfanyi kuwa mwongo, lakini linaeleza kwa nini hajawahi kumwambia mteja yeyote kwamba kuna muda wa kutosha.

Jambo ambalo ningependa ulifikirie zaidi kuliko hayo yote umelitaja kama kwa kupita: kwamba bei za hapa mnaziona nafuu kwa sababu mmetoka mahali ghali. Mwaka 2006 watafiti Uri Simonsohn na George Loewenstein walichapisha utafiti uliofuatilia kaya zilizohama kutoka mji mmoja wa Marekani hadi mwingine. Waligundua kwamba waliotoka miji ghali walipanga nyumba za kodi kubwa zaidi kuliko waliotoka miji nafuu, ingawa walikuwa wamefika katika mji uleule. Macho yao yalikuwa bado yanapima kwa kipimo cha kule walikotoka. Sehemu inayokuhusu wewe ni ya mwisho: kaya hizo zilipohama tena ndani ya mji mpya, zilirekebisha matumizi yao yakalingana na bei za hapo. Walikosea, wakajifunza, wakahama, na kosa halikuwagharimu zaidi ya kodi ya muda mfupi. Aliyenunua kwa macho hayohayo hana njia nyepesi ya kurekebisha. Utafiti mwingine wa mwaka 2004 ulioangalia mauzo ya majengo ya kupangisha katika eneo la Phoenix, mji wa jimbo la Arizona nchini Marekani, ulionyesha kwamba wanunuzi waliotoka nje ya jimbo walilipa zaidi kuliko wenyeji, na sababu zilizopendekezwa ni mbili: walikuwa na kipimo cha bei za kwao, na kutafuta kwa kina kuliwagharimu zaidi kwa kuwa walikuwa mbali. Mgeni hulipia ugeni wake hata akiwa mfanyabiashara.

Kwa hiyo kodi unayolipa sasa inakununulia kitu, nacho ni muda wa macho yako kuzoea bei za mji huu. Kipimo changu ni rahisi: siku utakapoweza kuingia katika nyumba inayouzwa, ukakisia bei yake kabla hujaambiwa, na ukawa karibu na ukweli mara nyingi kuliko kukosea, hapo umekuwa mwenyeji wa soko. Anzeni sasa kutembelea nyumba zinazouzwa katika mitaa mitatu au minne bila nia ya kununua, mkiandika bei iliyotajwa, kisha mkifuatilia bei iliyolipwa mwishowe pale inapoweza kujulikana. Tofauti kati ya bei hizo mbili itawafundisha zaidi kuliko mazungumzo yote ya kazini.

Tuje kwenye swali la wapi. Nyumba iliyo pembezoni ina sababu ya kuwa kubwa kwa bei ileile. Unaponunua nyumba unanunua vitu viwili vinavyokwenda njia tofauti, yaani jengo, ambalo huchakaa, na ardhi, ambayo hupanda thamani pale inapokuwa adimu na watu wanaihitaji. Pembezoni ardhi bado ni nyingi, na kila bei inapopanda kidogo, wajenzi huongeza nyumba nyingine mpya katika kiwanja cha jirani, ambazo siku ukitaka kuuza zitashindana na yako iliyokwisha kuchakaa. Karibu na katikati ya mji nafasi ya kuongeza ni ndogo. Hii haina maana kwamba pembezoni ni pabaya. Watu wengi hulea watoto huko kwa raha, na mji ukikua, pembezoni ya leo huwa si pembezoni tena. Lakini ukubwa wa nyumba ile usiuchukue kuwa faida uliyookota, kwa sababu sehemu kubwa ya bei yake imekaa katika kitu kinachochakaa. Na ukiambiwa kwamba barabara, shule au kituo cha treni kinakuja, jua kwamba mwuzaji ameshaiweka ahadi hiyo ndani ya bei, na ikichelewa utakayeisubiri ni wewe.

Umbali nao una gharama ambayo watu huidharau wanaponunua na kuilalamikia wakishahamia. Dakika 30 za ziada kila upande kwa siku 240 za kazi ni saa 240 kwa mwaka, sawa na siku 30 za kazi za saa nane kila moja. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey, wakitumia takwimu za Ujerumani, walikuta kwamba watu wenye safari ndefu za kwenda kazini walisema wanaridhika na maisha yao kidogo kuliko wenye safari fupi, ilhali nadharia ya uchumi ingetegemea kwamba nyumba nafuu au mshahara mkubwa umewafidia. Tunazoea chumba cha ziada kwa haraka, lakini foleni haizoeleki, kwa kuwa kila siku ina adha yake mpya. Kwenu kuna tatizo jingine juu ya hilo: mwenzako bado hajapata kazi, kwa hiyo hamjui safari yake itaelekea wapi. Mkinunua upande mmoja wa mji na kazi yake ikapatikana upande wa pili, mtakuwa mmenunua foleni ya miaka 20.

Eneo halijulikani kwa kulitembelea Jumapili mchana mkiwa na dalali. Nenda siku ya kazi, usafiri kutoka nyumba ile hadi ofisini kwako saa ileile utakayokuwa unaondoka, kisha urudi jioni. Nenda usiku usikilize. Nenda wakati au mara tu baada ya mvua kubwa, uangalie maji yanakimbilia wapi na barabara inapitika kwa muda gani. Ndani ya nyumba, fungua mabomba mawili kwa pamoja uone nguvu ya maji, chungulia chini ya sinki, na utazame sehemu ya chini ya kuta za nje, maana mstari wa rangi tofauti, chumvi nyeupe au rangi mpya iliyopakwa ukuta mmoja tu huwa na maelezo. Jirani mwenye nyumba yake atausifia mtaa, na simlaumu, kwa kuwa thamani ya nyumba yake imo humo. Waulize wapangaji, kwa sababu hawana cha kuuza: maji hukatika mara ngapi, nani anahama na kwa nini, ni jambo gani wangependa kulijua kabla hawajahamia.

Njia bora kuliko zote ni kupanga katika eneo lenyewe. Mkilipenda lile la pembezoni, mkataba wenu wa sasa ukiisha, pangeni huko kwa miezi sita au mwaka mmoja. Najua kuhama mara mbili kunachosha, hasa mkiwa na mtoto mdogo, lakini uchovu wa kuhama ni wa wiki chache. Mkiishi huko mtajua mambo ambayo hakuna ukaguzi unaoyafichua, ikiwemo kama nyinyi wenyewe ni watu wa pembezoni au mlivutiwa tu na idadi ya vyumba.

Benki kuwakubalia mkopo, je? Hilo ni habari njema lakini dogo kuliko linavyosikika. Benki huangalia kama deni litarejeshwa, na ina nyumba yenu kama dhamana pale litakaposhindikana. Hata inapopima kipato chenu, hilo halimaanishi kwamba mtabaki na fedha ya kutosha kuishi vizuri. Riba yenu inabadilika, kwa hiyo fanyeni jaribio hili: katika ule mkopo wa 100,000, riba ikipanda kutoka asilimia 12 hadi 15, marejesho yanapanda kutoka 1,101 hadi takriban 1,317 kwa mwezi, yaani karibu asilimia 20 zaidi, ilhali mshahara haujaongezeka. Kabla ya kusaini, mwulize ofisa wa mikopo riba inafuata kigezo gani, inabadilishwa kila baada ya muda gani, kuna kikomo cha kupanda au hakuna, na mkilipa mapema kuna adhabu kiasi gani, kisha ombeni majibu kwa maandishi. Halafu kwa miezi sita wekeni kando kila mwezi tofauti kati ya kodi yenu na marejesho ya riba iliyopanda, mkitumia mshahara wako peke yake. Mkiweza bila kubanwa, mkopo mnaumudu na mmeongeza akiba. Mkishindwa mwezi wa pili, mmejua mapema.

Hapo ndipo yanapokuja mambo mawili niliyoyagusia mwanzoni. La kwanza ni mkataba wako kuongezwa, au wewe kuwa na hakika ya kutosha kwamba hata kazi hii ikiisha mtabaki katika mji huu kwa miaka mitano au zaidi. La pili ni mwenzako kupata kazi, au nyote wawili kukubaliana kwamba mtaishi kwa mshahara mmoja na mkopo uwe wa kiasi hicho. Yote mawili yakitimia, hesabu ya fedha isiyorudi ikikaribiana, na mkawa mmeujua mtaa, nunueni, hata kama magazeti yanasema bei ziko juu. Katika hali hiyo kungoja nako kuna gharama, na utulivu wa kutoondolewa na mwenye nyumba ni kitu cha thamani ambacho hesabu yangu haikukijumuisha. Ninawajua watu ambao kwao utulivu huo unastahili kulipiwa, na sibishani nao, mradi wajue bei yake.

Nyumba yenu ya zamani msiiuze kwa sababu tu malipo ya awali yanahitajika. Jiulizeni hivi: kama leo mngekuwa na fedha hiyo taslimu, mngeinunua nyumba ile na kuipangisha mkiwa mbali? Kama jibu ni hapana, kwa sababu usimamizi unawasumbua au kodi haifidii ukarabati, basi iuzeni kwa utaratibu wenu, fedha ikae katika akiba salama inayopatikana bila kucheleweshwa, wala isichukuliwe kuwa lazima igeuke nyumba mara moja. Kama jibu ni ndiyo, iacheni angalau hadi hatima ya mkataba wako ijulikane, kwa sababu aliyeuza mahali ghali akataka kurudi mara nyingi hukuta mlango umefungwa. Ila msishike madeni mawili ya nyumba kwa kipato kimoja.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kuwafanyia. Kabla ya kutoa fedha yoyote, hata ile ndogo ya kushikilia nyumba, mwoneni wakili mliyemchagua wenyewe, si aliyependekezwa na mwuzaji, ili achunguze hati miliki katika ofisi ya msajili na kuthibitisha kwamba anayeuza ndiye mwenye mali, kwamba nyumba haina rehani wala kesi, na kwamba ujenzi una vibali. Hilo ni la lazima zaidi kwa nyumba mpya katika eneo jipya, ambako mgawanyo wa viwanja mara nyingi bado haujakamilika. Mlipeni mhandisi au mkaguzi wa majengo wa kwenu akague, na mthamini asiyelipwa na mwuzaji awape bei. Kodi ya kuuza nyumba ya zamani mwulizeni mtaalamu wa kodi wa mahali ilipo, kwa kuwa sheria hutofautiana sana. Na ikiwa wewe na mwenzako hamkubaliani, mmoja akitaka kununua na mwingine akitaka kurudi kule mlikotoka, zungumzeni hilo kwanza, mkiwa na mshauri au mtu mnayemheshimu wote wawili, kabla halijageuka kuwa mabishano kuhusu idadi ya vyumba.

Kuhusu muda, mtoto wenu ndiye mwenye tarehe ya kweli katika swali lako, kuliko dalali. Ulizieni mwezi huu usajili wa shule unafungwa lini, na kama shule inahitaji mwanafunzi awe mkazi wa eneo fulani. Kama sharti hilo lipo, ulizieni pia kama mkataba wa upangaji unatosha kuthibitisha ukazi. Ikiwa ndivyo, chagueni shule kwanza, hamieni karibu nayo kwa kupanga, na mwambieni dalali kwamba mtamtafuta mkataba wako wa kazi ukishaongezwa.